Ukumbi Usio Wangu

Mjukuu wangu Aline,

Amani iwe nawe huko chuoni. Hapa Bugarama tuko wazima. Maman yako anavuna mpunga na anakusalimu. Umeniuliza kama nami nilijiona mjinga chuoni, maana huelewi masomo na unataka kurudi nyumbani.

Ndiyo, nami nilijiona mjinga. Nilipoanza chuo kule Bukavu, hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kusoma huko, kwa hiyo hakuna aliyenielekeza. Siku nyingi niliketi ukumbini nikisikiliza habari za mifupa na damu, nikitikisa kichwa kukubali kama wenzangu. Nilidhani akili yangu imefika mwisho. Kisha msichana mmoja akaniuliza, "Weye uko wa udaktari?"

"Hapana, niko wa ualimu."

"Sasa unafanya nini hapa? Benzako bako kule ngambo!"

Nilihama kwa haya hadi ukumbi wa ualimu, upande wa pili. Huko kwa walimu nako nilielewa nusu tu, lakini safari hii nilimwinamia jirani yangu nikamwambia kwamba sielewi. Akanong'ona, "Hata miye sielewe. Tuulize." Tukanyoosha mikono pamoja.

Mpaka leo sijui kwa nini nilitikisa kichwa siku zote zile. Wewe darasani unaketi karibu na nani?

Ni mimi babu yako, ninayekuwaza.