Damu Niliyotoka Nayo Makete

Jumamosi, Tegeta. Jua la leo halina adabu. Nguo nilizoanika asubuhi zilikauka kabla sijamaliza kuosha vyombo. Sasa nimejilaza sakafuni chini ya feni, na karatasi mbili za maabara ziko pembeni yangu.

Nianze na ile ya kwanza. Nilikuwa nimerudi kutoka Makete, ambako nilimuuguza mama miezi minne baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Ruhusa yangu iliisha, nikamwacha kwa wifi yangu akiwa bado hajaanza kutembea. Huku Tegeta kichwa kikawa kinaniuma, nikaenda kupima damu. Karatasi ikaonyesha chembe nyekundu 5.6, na pembeni herufi H, yaani iko juu. Daktari alikuwa ameshaondoka, nikaambiwa nirudi kesho yake.

Kosa langu ni kumwonyesha jirani yangu, Mama Zuhura.

"Jirani, damu imekuzidi hiyo! Ndiyo inaletaga presha, mtu anapooza hivi hivi. Acha rozela, na mchicha uache!"

Yeye huyo huyo ndiye aliyenifundisha kunywa rozela ili niongeze damu. Nikamwaga jagi zima. Nikaanza kuwaza, nikipooza mimi, mama atabaki na nani?

Daktari hakuuliza habari za mboga. Aliuliza nilikuwa wapi. Nilipomtajia Makete akatabasamu, akanieleza kwamba kule juu hewa ni nyepesi, hivyo mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi ili zibebe hewa ya kutosha. Presha ina kipimo chake, na yangu ilikuwa sawa. Chembe moja huishi kama miezi minne, akasema, kwa hiyo zile za huko zitakwisha taratibu. Nirudie kipimo baada ya miezi miwili, tuhakikishe hakuna jambo jingine.

Nilifurahi, kwa kweli, mpaka nilipofika getini.

Zile chembe zilitengenezwa nikimgeuza mama kitandani. Zilitengenezwa nikimenya viazi karibu na moto, naye akinigombeza kwa Kikinga kwamba napika kama mtu wa hoteli. Sikutaka ziishe. Mwalimu wa sayansi mzima, najionea aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leo asubuhi nimechukua karatasi ya pili. 4.6. Hakuna herufi yoyote.

Daktari amenipa mkono, "Hongera, mwalimu." Nimeshukuru, kisha nimelia kwenye bajaji mpaka dereva akapunguza muziki.

Nilipofika nyumbani nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza habari za damu. "Imepungua? Kwani huko mnakula nini?" Nikacheka. Yeye akaendelea:

"Jana nimetembea na fimbo mpaka mlangoni, peke yangu. Nikageuka nikuoneshe. Nikakumbuka hupo."

Nimeshinda na maneno hayo mchana kutwa. Kila wiki namwambia nitakuja likizo, na kila wiki nampiga chenga. Ukweli ni kwamba nilishakubali kufundisha masomo ya ziada likizo nzima, kwa kuwa namwogopa mwalimu mkuu. Mama hajui. Yeye anahesabu siku.

Nina hamu na mama yangu. Nina hamu hata na ugomvi wake.

Sasa hivi nimemtumia mwalimu mkuu ujumbe kwamba likizo hii sitafundisha. Ameusoma, hajajibu. Ajibu asijibu, shule ikifungwa napanda basi. Nitaweka kigoda uani, nikae, nimngoje mama atoke mlangoni aje mpaka nilipo.