Kiti cha Trekta Hakikukuua, Baba

Baba,

Trekta lako kule Muhoroni amepewa Ochieng'. Kabla hajapanda, madereva wenzako walimwekea mto wa sponji. "Hiki kiti ndicho kilimmaliza mzee," walisema. Meno yaliniuma kwa kuyakaza.

Nawe uliamini hivyo. Kila dereva anayevuta miwa kwa trekta anaamini: ukiona damu chooni ni bawasiri ya kukalia chuma, unapita kwa Daktari pale Mamboleo, unapata tyubu ya dawa ya kupaka, unarudi kazini. Yule si daktari, Baba. Ni muuza dawa mwenye koti jeupe.

Ulimwambia kuhusu damu. Ukamwambia mara unafunga choo, mara unaharisha, na kikitoka ni chembamba. Alikuona ukikonda hadi suruali ukaifunga kwa kamba. Akacheka: "Dereva, punguza nyama." Akakuuzia tyubu nyingine. Ulipofika hospitali, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshaingia kwenye ini.

Jumamosi nilimwendea. Unanijua, mkubwa akiniita tu ofisini, jasho linanitoka. Nilipanga foleni, nikamwambia mimi ni karani, nikamtajia dalili zako kana kwamba ni zangu. Hakuuliza swali lolote la maana. Mkono ukaenda kwenye rafu ileile. "Bawasiri hiyo, kijana. Makarani mnakaa sana."

Nikawageukia waliokuwa nyuma yangu. Nikasema: hivi ndivyo alivyomwambia baba yangu, na baba yangu tumemzika. Mama mmoja akairudisha tyubu yake juu ya kaunta, akaniuliza polepole aende wapi. Nikamwambia aende hospitali, wamwangalie utumbo kwa kamera, asikubali kupewa dawa kabla ya kupimwa.

Yule mtu akairudisha tyubu yangu kwenye rafu. Nilifurahi, Baba. Pasta ananihimiza nisamehe. Namwitikia kwa kichwa tu. Malalamiko nimeshawapelekea wanaotoa leseni za maduka ya dawa, na wakinyamaza nitayapeleka tena.

Ila kuna jambo sijamwambia hata Mama. Dalili nilizomtajia, moja ni yangu kweli. Damu. Wiki hii nimeiona tena.

Naogopa. Usiku nakuona wewe na ile kamba kiunoni. Lakini Jumatatu naenda kupimwa. Yule muuza dawa hatanizika na mimi. Nakuahidi nitakuwa nimesimama pale barabarani, mzima, siku mlango wake utakapopigwa kufuli.

Oriti, Baba, kwaheri. Pumzika.

Mwanao