Taa Iliyowaka Mchana

Jumamosi, 13 Aprili 1996

Baba Chebet,

Asubuhi jua kali, alasiri mvua ya mawe.

Ile taa yako imewaka.

Unakumbuka ulivyotuharakisha tumalize jemu ili upate chupa? Mkate uliisha, Chebet akaila na ugali. Kisha ukatia balbu ya tochi ndani, ukaikatia kofia ya debe, ukaunganisha betri, sola ndogo, na kile kipande cha miguu mitatu ulichotoa kwenye redio mbovu. Ulitaka kunimulikia njia ya kwenda kukamua, kwa sababu niliteleza mtaroni na maziwa yote yakamwagika. Uliifunga kwenye nguzo asubuhi, na mchana huohuo tukakupeleka hospitali. Hukuiona ikiwaka. Siku ya mazishi waliosimamisha tenti walichomoa waya, nami sikuwa na nguvu ya kuzirudisha.

Leo mdogo wako Weldon amekuja kuomba sola, aitumie kwa redio yake. Nikamwambia tujaribu taa kwanza. Tukarudisha waya. Jua lilikuwa utosini. Tukangoja.

Hakuna kitu.

"Mama Chebet, hii haijawahi kuwaka hata siku moja," akasema, spana tayari mkononi. "Ndugu yangu alikuwa fundi wa mdomo."

Nilicheka kidogo, halafu nikaumia. Lakini nilikubali aing'oe. Taa isiyowaka ni ya nini? Nilimwomba tu anywe chai kwanza.

Tukiwa jikoni, giza likaingia. Unaijua mbingu ya hapa kwetu, inavyogeuka nyeusi mchana. Mawe yakapiga mabati hata hatukusikizana. Nikachungulia nje kuona kama ndama amejificha.

Taa ilikuwa inawaka.

Ndogo, ya manjano, mawe yakiipiga kofia na yenyewe imetulia. Nilishika ukuta. Weldon alisimama na kikombe, chai ikimwagikia kiatu chake.

"Woi! Nani amewasha?"

Sote tulikuwa ndani.

Ndipo nikakumbuka maneno yako, yale niliyodhani ni mzaha: jua likilala, hii itaamka yenyewe. Na sisi tuliijaribu juani! Mawe yalipoisha na jua likarudi, ikazima mbele ya macho yetu. Weldon akatia spana mfukoni.

"Shemeji, mimi siigusi hii," akasema, akaenda zake bila kumaliza chai.

Majani ya chai yamechanika shamba zima. Hatutachuma kwa muda. Ningepaswa kulia, lakini bado nimeduwaa tu.

Jioni nilikwenda kukamua bila tochi, ndoo nimeishika kwa mikono miwili. Sikuteleza. Wakati wa kurudi nilisimama chini ya taa nikakuita kwa jina lako, jambo ambalo sijaweza tangu tukuzike.

Mimi nimekukumbuka leo, fundi wa mdomo. Nawe, huko uliko, unikumbuke.