Mama Kwenye Kipindi Chetu

Jumatatu, 9 Juni
Nimekata vikohozi vya Bakari tena. Mara ya tatu. Yeye ndiye mtangazaji wetu, na kila tukianza kurekodi koo linamwasha. Kipindi ni cha dakika kumi na tano, kuhusu watu walioacha shule. Redio ya Ukunda itakirusha Jumamosi ya wiki ijayo. Tuna dakika sita tu. Fundi wa boti tuliyemtegemea amekataa kuongea. Achieng, mwenzetu wa kundi, akasema tumhoji mama yangu. Nikakubali haraka mno.

Jumatano, 11 Juni
Tumekwenda nyumbani, Mwabungo. Achieng alimwamkia Mama shikamoo vizuri kabisa. Mama akasimamisha cherehani. Achieng akawa anauliza, mimi nimeshika simu ya Mwalimu Riziki, narekodi.

Siku zote niliambiwa Mama aliacha shule ili amuuguze Babu. Leo amesema, "Nilikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani. Nikapata mimba."

Hakuniangalia. Mimi ndiye kifungua mimba wake.

Alhamisi, 12 Juni
Mwalimu amesikiliza. Anasema hicho ndicho kiini cha kipindi. Bakari naye amefurahi. Sikula. Hesabu sikufanya hata moja. Nikiwaza shule nzima ikisikia, nataka kutoka nje. Nikiwa nje, nataka kurudi ndani.

Ijumaa, 13 Juni
Nimefuta. Wakati wa mapumziko, simu ikiwa mkononi mwangu. Kugusa mara mbili, basi, sauti ya Mama haipo.

Achieng alijua kabla sijasema. "Umefuta? Si ungetuuliza kwanza?"

Nikasema simu imeharibika. Uongo mtupu. Mwalimu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 15 Juni
Nimemwambia Mama. Nilidhani atashukuru. Aliendelea kupinda upindo wa kanzu ya mtu, kisha akasema, "Mwenzio aliponiuliza, nilijibu kwa sababu ulikuwa umesimama pale. Miaka yote nimeshindwa kukwambia tukiwa wawili."

Nina hasira. Sijui ni ya nani. Nimefagia ua mara mbili.

Jumanne, 17 Juni
Nimekiri mbele ya kundi. Achieng alinuna hadi adhuhuri, halafu akaniletea simu mwenyewe. Jioni tukarudi kwa Mama sote watatu. Safari hii Mama alitaka niulize mimi.

Niliuliza maswali yote tuliyoandika. Kisha nikauliza moja ambalo halikuandikwa. "Ulijuta kunizaa?"

Akanyamaza. Muda mrefu. Nilitamani kuzima simu, vidole vikakataa.

"Shule niliililia," akasema. "Wewe sikukulilia."

Jumatano, 18 Juni
Bakari anataka kukata kile kimya. Anasema redio haikai kimya, watu watahama. Nimekataa. Tumebishana hadi kengele. Mwalimu akasema mwenye mama ndiye aamue.

Ijumaa, 20 Juni
Kipindi kimepelekwa. Siwezi kukirudisha. 

Jumamosi, 21 Juni
Kimerushwa saa nne asubuhi. Jirani yetu, Bi Mwanakombo, alikuja na kigoda chake. Mama alikaa kitako mkekani, mikono mapajani. Mimi mlangoni.

Swali langu likasikika, kisha redio ikanyamaza. Bi Mwanakombo alidhani betri zimekwisha, akanyoosha mkono aitikise.

"Ngoja," Mama akamwambia.

Tukangoja sote watatu.