Nilijipakia Mwenyewe Kwenye Lori la Ntinda

Mpendwa Shangazi Nusura,

Naomba msaada wako, na nauomba upesi, kwa sababu Jumatatu saa mbili asubuhi dereva wetu Odoch anaitwa ofisini kufukuzwa kazi kwa kosa la kula keki ambazo nilizila mimi.

Naitwa Wangila, Mkenya wa Bungoma, nilikuja Kampala na mashati mawili na leo ndimi mkuu wa wapakiaji katika ghala la vifurushi hapa Namuwongo, sikusomea popote, nimejifundisha kwa mgongo wangu, nilianza kama kibarua wa mafundi wa ujenzi na ndiyo maana napanga maboksi kama matofali, mazito chini, mepesi juu, kila ufa umelaliwa na boksi la juu yake, na kwa miaka tisa hakuna hata chupa moja iliyovunjika mikononi mwangu. Watu wanadhani kazi hii ni kurusha tu. Shangazi, lori linapakiwa kinyume: mzigo wa kituo cha mwisho unaingia kwanza na kukaa ndani kabisa, wa kituo cha kwanza unakaa mlangoni. Orodha ya ofisi ina vituo kumi na tisa, inaanza Old Kampala na kuishia Ntinda. Basi Ntinda iko ndani, Old Kampala iko mlangoni. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Odoch haelewi, au anaelewa na hataki. Baba yake alikuwa polisi, yeye amekulia kambini, kwa hiyo sisi wote tunamwita Afande, na tangu aje miezi mitatu iliyopita kila siku anaanzia Ntinda.

"Afande," nilimwambia wiki ya kwanza, "orodha inasema Old Kampala."

"Orodha hapana endesha gari, mzee. Mimi ndiyo naendesha."

Akifika Ntinda anashusha kando ya barabara vifurushi mia moja na tisini vya watu wengine, anatoa ishirini na viwili vya Ntinda, anarudisha vile vingine ndani kama mtu anayeshindilia nguo chafu, halafu jioni anamwambia Madamu Nanyama, meneja wetu, kwamba maboksi yamebonyea kwa sababu Mzee Wangila siku hizi haoni vizuri. Mimi. Macho haya yanaona nafasi ya upana wa kidole kutoka getini. Ni kweli anarudi saa kumi jioni, na dereva wa zamani aliyefuata orodha alikuwa akirudi saa mbili usiku, lakini si kwa hilo nimeandika barua hii.

Jumanne niliamua kumfundisha adabu. Nilitaka kuuweka mzigo wa Ntinda nyuma ya ukuta wa maboksi ambao hata tembo angeomba ruhusa kuupita, na ukuta unabanwa vizuri ukiwa upande wa ndani, kwa hiyo nikaujenga nikiwa ndani, nikaacha tundu juu, upande wa kulia, upana wa mabega yangu, la kutokea. Sasa hapa, Shangazi, mtu asiyepakia hataelewa. Tundu kwenye mzigo ni ugonjwa, gari likiingia shimo moja tu la barabarani kila kitu kinahamia humo, na kwa miaka tisa mkono wangu haujaliona tundu ukaliacha. Miguuni lilibaki boksi moja, sentimita arobaini kwa sitini. Nikalitazama tundu, nikalitazama boksi. Likaingia bila hata kusukumwa. Nikasimama nikilifurahia kama nusu dakika, ndipo nikagundua kwamba kumekuwa giza.

Utauliza kwa nini sikupiga kelele. Dakika ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, maana nje kulikuwa na wapakiaji sita niliowafundisha mwenyewe. Dakika ya pili nikamsikia Odoch akisema, "Leo mzee amepanga vizuri sana," akafunga milango. Dakika ya tatu gari likaondoka na redio yake juu. Simu ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa ghalani kwenye msumari. Nilijaribu kuuvunja ukuta kwa bega, lakini uligoma, ulikuwa umejengwa na mtu anayejua.

Mpaka Ntinda ni dakika hamsini na tano. Sikuwa nimekunywa chai. Karibu na goti langu kulikuwa na boksi la Bibiane, fundi wa cherehani wa Ntinda, limeandikwa keki ndogo ishirini na nne, za ubatizo. Nilikusudia moja. Nilikula kumi na moja, yaani moja kila dakika tano.

Odoch akaanza kutoa maboksi, mwanga ukaingia, akaniona nimekaa juu ya gunia na makombo kwenye ndevu. Hakucheka. Akachukua orodha.

"Mzee Wangila," akasema polepole, "wewe ni wa kituo gani?"

"Ntinda," nikajibu, kwa kuwa kwa mpango wangu ndivyo ilivyokuwa.

Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Hapana ona jina yako hapa, ssebo." Aliniita bwana kwa Kiganda, kama mteja.

Akaniitia boda, nikarudi Namuwongo nikasema nilikwenda kliniki kwa ajili ya tumbo, na kufikia wakati huo tumbo lilikuwa linauma kweli.

Bibiane alihesabu keki zake akapiga simu. Madamu akamwita Odoch, na Odoch akasema maneno haya tu: "Keki imepotea kwa gari yangu, mimi ndiyo najibu." Mimi hakunitaja. Nilimvuta pembeni getini nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mimi nafukuzwa, napata gari ingine," akasema. "Madereva wanatafutwa. Lakini wewe, mzee? Nani nachukua mpakiaji alijipakia?"

Tangu hapo chakula hakipiti. Nimepiga hesabu: nikisema, miaka yangu tisa inakwisha kwa kicheko cha watu sita. Nikinyamaza, Odoch anaondoka, na huenda dereva mpya atafuata orodha. Kwa hesabu, kunyamaza kunashinda, lakini bado chakula hakipiti. Nionyeshe njia ambayo Odoch atabaki, jina langu litabaki, na hakuna atakayejua nilikuwa ndani.

Wangila,
Namuwongo.

* * *

Ndugu Wangila,

Pole kwa giza, na pole kwa tumbo. Pole zimeishia hapo.

Njia unayoitaka haipo. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, vifurushi umevihesabu, dakika umezihesabu, hata keki umezigawanya kwa dakika, na bado hesabu iliyo wazi umeipita. Kama Odoch angefuata orodha yako siku ile, Ntinda ingekuwa ya mwisho. Ungetoka humo saa mbili usiku, na Bibiane angepokea boksi tupu na mzee mmoja. Kilichokuokoa ni ule ukaidi ulioulalamikia miezi mitatu.

Na si ukaidi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba anarudi saa nne nzima mapema, pamoja na kushusha mzigo wote kando ya barabara na kuupandisha tena. Huyo mtu anajua foleni za Ntinda za jioni. Orodha ndiyo mbovu. Kuyasingizia macho yako alikosea, na hilo mwambie ana kwa ana. Lakini ninyi wawili, mmoja anajua kupakia na mwingine anajua barabara, mmegombana robo mwaka juu ya karatasi ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeiandika.

Unasema jina lako litakwisha. Kwa wale sita? Watacheka wiki mbili, labda tatu, mmoja atakuuliza kila asubuhi kama umeshuka. Utavumilia. Umebeba mizito zaidi. Lakini kijana aliyekuachia heshima yako akatoa kazi yake, ukimwacha afukuzwe kwa sababu hesabu imekupendelea, hapo hakutakuwa na jina la kulinda.

Sasa sikiliza. Jumapili nunua keki ishirini na nne, si kumi na moja, umpelekee Bibiane mwenyewe kwa mikono yako, umwambie ni nani aliyezila. Jumatatu uwe mlangoni kwa Madamu Nanyama saa moja na nusu, kabla Odoch hajaitwa. Mweleze yote kwa mfuatano, ukuta, tundu, boksi, keki. Usianze na makosa ya Odoch. Ukimaliza, mwombe orodha igeuzwe, Ntinda iwe ya kwanza na ikae mlangoni. Kisha umtafute Odoch umwombe radhi, kwa sababu katika barua yote hii neno hilo sikuliona.

Jibu hili nakuletea kwa mkono leo Ijumaa. Gazeti linatoka Jumatano, pamoja na barua yako yote, na jina lako limo, kwa kuwa hukuniomba nilifiche. Una siku nne za kuwafanya wakusikie wewe kwanza.

Shangazi Nusura