Neno la Dada Yangu

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Hapa Chanika tu wazima. Mama yako anapukuchua mahindi.

Unauliza, huko unakosomea ukunga, kama mjamzito akitaka mwenyewe kutibiwa, ni lazima mumewe aulizwe kwanza.

Enzi za Mjerumani dada yangu alishikwa na uchungu siku mbili. Mkunga akamtaka ataje mwanamume wa siri, maana tuliamini siri kama hiyo ndiyo hufunga uzazi. Mimi nilikuwa nimemshika mgongo. Akasema, "Sina wa kumtaja. Nipelekeni Korogwe kwa daktari." Machela ikafungwa, lakini wajomba wakakataa isiondoke bila ruhusa ya mumewe, naye alikuwa safarini, amechukuliwa upagazi. Tukangoja. Tulimzika pamoja na mwanawe, mengine sitayaandika.

Shemeji aliporudi, wajomba walimwambia kwamba kwa kumheshimu tulimsubiri. Akakaa chini mavumbini, akauliza, "Kwani yeye mwenyewe alisemaje?"

Hakuna aliyejibu, hata mimi niliyemsikia.

Jina lake ndilo lako. Kila nikikuita, natamani muitike wawili.

Bibi yako