Kwa Kaka Yetu, Bwana Tangawizi, Aliyeituliza Mikono ya Mama

Ni mwaka mmoja sasa, Kaka, tangu jiko la uani lipoe. Majirani waliokuita Bwana Tangawizi bado wakipita ukutani huvuta pumzi kwanza kutafuta harufu ya tangawizi, kisha hukumbuka kwamba hupo.

Mchana ulikuwa mfamasia, jioni ulikuwa mpishi wa jeli ya kupaka viungo vinavyouma. Ulichuja tangawizi na majani ya mkaratusi, ukachanganya na ute wa mshubiri, ukakoroga taratibu kwa mwiko ambao mkeo alikukataza kabisa kuurudisha jikoni kwake. "Wenzangu wameolewa na watu," alikuwa akisema, "mimi nimeolewa na sufuria." Ulicheka, ukaendelea kukoroga.

Hukuwa mtu wa ahadi kubwa. Mzee kinyozi alipokuuliza kama jeli itamponya baridi yabisi ya magoti, ulimjibu, "Kuponya siwezi kusema, mzee wangu. Itakutuliza. Na vidonge vya daktari usiviache." Kila mchanganyiko mpya uliupaka kwanza kwenye mkono wako mwenyewe. Ule wa pilipili ulikutia malengelenge, ukawa unavaa shati la mikono mirefu ili Mama asione. Mama akaona.

"Funua hapo," alisema. "Unanitafutia mimi dawa, au unajitafutia wewe ugonjwa?"

Maana kazi yote ile ilikuwa kwa ajili yake. Vidole vyake vilivimba na kupinda, na asubuhi havikukunjika. Sisi wengine tulikwisha kuamua ahame, akae kwetu kwa zamu. Hakutaka hata kusikia. "Mimi si mzigo wa kupokezana," alisema. Ukatuomba tusubiri kidogo. Uliamini kwamba mikono ikipata nafuu mapema, ataweza kuvaa na kuwasha jiko bila kumngoja mtu, na nyumba yake itabaki yake.

Jeli ikapatikana. Haikuunguza ngozi wala kutia doa shuka. Ukampelekea kwenye kopo zuri la kioo, kifuniko ukakikaza barabara ili harufu isipotee. Uliporudi nasi kumjulia hali, alikurudishia kopo lako.

"Nzuri sana, mwanangu."

"Imekusaidia?"

"Nitajuaje? Sijaifungua. Kwa vidole hivi?"

Tulicheka mpaka machozi, na wewe ukatushinda kucheka. Ukatafuta chupa ya kubonyeza kwa kiganja. Jeli ikawa nzito, haipandi. Ukaipunguza uzito, ikachuruzika hadi viwikoni. Ukaanza upya. Hatukukusikia ukilaumu mtu wala chupa. "Bado hatujaelewana," ulisema, kana kwamba jeli ni mgeni mliyekuwa mnazoeana.

Ulituacha ghafla, chupa ya mwisho ikiwa mezani, haijajaribiwa. Baada ya maziko tukasema basi, sasa Mama ahame. Mkeo hakubishana nasi. Aliichukua chupa ile, akampelekea Mama bila kutuambia.

Siku ya kumhamisha tulisimamisha gari nje, tukabisha hodi. Mama alitufungulia mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuvaa, vifungo vyote vimefungwa, kitambaa kimekazwa kichwani. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mmekuja kunihamisha au kunywa chai?" akauliza. "Chai ninayo."

Tulikunywa chai, Kaka. Gari likarudi tupu.

Zipo asubuhi za baridi ambazo vidole bado vinamgomea, nasi hatusemi vingine, kwa sababu wewe usingetaka tuseme vingine. Siku hizo hukaa kitandani, akabonyeza chupa, akangoja. Mkeo ndiye anayekoroga sasa. Mama anasema jeli ya mkwewe haijaifikia yako, na mkeo anamjibu, "Hata mimi najua, Mama. Lete chupa nikujazie." Kisha hukaa pamoja kibarazani wakikusema, mama mtu na mke mtu, mpaka jua likaze.

Wanaokukumbuka ni Mama, angali nyumbani kwake, mkeo, wanao wawili, sisi wadogo zako, tuliotaka kufanya haraka, na mzee kinyozi, ambaye hajaacha vidonge vyake.

Pumzika, Kaka. Daima tutakutaja kwa wema.